Cairo, Istanbul, London au Paris: uifuatilie chemchemi ipi ya maji ya kunywa?

Chemchemi ya kunywea maji ya umma ni jengo dogo lenye mambo makubwa ndani yake. Iko barabarani, aghalabu hakuna haja ya ruhusa ya mtu kuisogelea, na ukiichunguza vizuri unakuta dini, ugonjwa, vita, fedha na siasa za mji mzima zimekusanyika pale. Shida huja unapotakiwa kuchagua. Mwanafunzi ana nafasi ya kuandika utafiti mmoja tu. Msafiri ana siku chache. Mwalimu anatafuta mfano mmoja utakaowakaa wanafunzi kichwani. Hapa naweka pamoja chaguo nne ambazo kila moja ingetosha peke yake: sabili (jengo la kugawia wapita njia maji ya bure) ya Abd al-Rahman Katkhuda ya Cairo, chemchemi ya Sultan Ahmed III ya Istanbul, chemchemi za London za enzi ya Malkia Victoria, na chemchemi za Wallace za Paris.

Vipimo

Uzuri sikuuweka mbele. Zote zinapendeza, na ukianzia kwenye uzuri utaishia kuchagua ile yenye picha iliyopigwa vizuri zaidi. Nimeuliza maswali manne. Nani aliitoa, na alisukumwa na nini? Maji yalifikaje pale, na nani aliendelea kulipa baada ya ufunguzi? Mapambo yake yanasema nini? Na leo mgeni anakuta nini?

Swali la pili nalipa uzito kuliko mengine. Mwenye fedha yeyote anaweza kujenga chemchemi. Kuifanya iendelee kutoa maji safi wajukuu zake wakiwa wazee ni kazi inayohitaji utaratibu, mishahara na watu wa kusimamia, na hapo ndipo miji hii minne inapoachana njia.

Nani alitoa, na kwa nini

Abd al-Rahman Katkhuda alikuwa kiongozi wa askari wa Janissari mjini Cairo, wakati ambapo wakuu wa jeshi la huko walikuwa na sauti kuliko gavana aliyetumwa na Waosmani, watawala wa Kituruki wa Istanbul. Alijenga na kukarabati sana. Hata msikiti wa al-Azhar aliupanua. Sabili yake ni ya mwaka 1744: chini maji ya bure kwa wapita njia, juu chuo cha watoto cha Qurani. Kwa msomaji Mwislamu jambo hili halina haja ya maelezo marefu. Maji na elimu ni sadaka inayoendelea, thawabu yake humfuata mtoaji kaburini. Lakini tazama na mahali alipopachagua. Aliiweka Bayn al-Qasrayn, pale mtaa wa al-Mu'izz unapogawanyika njia mbili, hivyo anayekuja kutoka kusini anaiona imemkabili uso kwa uso. Katkhuda alitaka thawabu, na alitaka pia jina lake litajwe sokoni.

Istanbul mtoaji ni mfalme mwenyewe. Chemchemi ya Ahmed III ilijengwa mwaka 1728 mbele ya Bab-ı Hümayun, lango kuu la kasri ya Topkapı, nyuma ya Hagia Sophia. Huo ulikuwa wakati uitwao Enzi ya Tulipu, kuanzia 1718 hadi 1730, ambapo sultani na waziri mkuu wake, Nevşehirli Damat İbrahim Pasha, waliujaza mji bustani, makasri na chemchemi. Miaka miwili baada ya ujenzi yakazuka maasi ya Patrona Halil. Waziri aliuawa, sultani akaondolewa kwenye kiti. Wananchi walikuwa wamechoshwa na anasa za kasri. Chemchemi ikabaki na jina la Ahmed juu yake, kwa kuwa maji yake yalikuwa ya kila mtu.

London hakuna mfalme wala jemadari katika hadithi hii. Kuna kipindupindu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa wa Broad, eneo la Soho, walikuwa wakinywa maji ya pampu moja. Maji ya mji yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na maskini alinywa alichokipata, au bia. Mwaka 1859 mbunge Samuel Gurney na wakili Edward Wakefield wakaanzisha chama cha kuweka chemchemi za bure, na ya kwanza ikafunguliwa tarehe 21 Aprili mwaka huohuo kwenye uzio wa kanisa la St Sepulchre, karibu na gereza la Newgate. Watu hadi 7,000 walikunywa hapo kwa siku. Waliokuwa wakipiga vita ulevi waliunga mkono kwa nguvu zote, na chemchemi nyingi ziliwekwa karibu na vilabu vya pombe kwa makusudi. Iliyo na mapambo makubwa kupita zote ilitolewa na mwanamke tajiri, Angela Burdett-Coutts, katika bustani ya Victoria Park mashariki ya London, mwaka 1862, kwa takriban pauni 6,000.

Paris ni hadithi ya vita. Richard Wallace alizaliwa London mwaka 1818, akalelewa Paris, na mwaka 1870 akarithi mali kubwa ya Marquess wa nne wa Hertford. Mwaka huohuo majeshi ya Ujerumani yakauzingira mji. Wengi wa matajiri waliondoka. Wallace alibaki na kutumia fedha zake kuhudumia majeruhi na wenye njaa. Baada ya mzingiro na umwagaji damu wa Komuni ya 1871, uasi wa wananchi wa Paris, mifereji ya maji ilikuwa imeharibika, bei ya maji imepanda, na kwa maskini divai ilikuwa rahisi kupatikana kuliko maji safi. Akajitolea kuupa mji chemchemi hamsini. Ya kwanza iliwekwa Agosti 1872 kwenye boulevard de la Villette, mtaa wa wafanyakazi.

Maji yalitoka wapi, na nani aliendelea kulipa

Hapa Cairo inanishangaza kuliko miji mingine yote. Hakukuwa na bomba. Maji yalichotwa Nile, yakabebwa kwa viriba juu ya ngamia na punda, yakamiminwa kwenye birika kubwa chini ya jengo, hasa wakati wa mafuriko ya mto. Kutoka huko mhudumu aliyavuta, akayapitisha kwa wapita njia katika vikombe kupitia madirisha ya nondo za shaba. Nani alilipa? Wakfu. Mtoaji alitenga maduka, nyumba au mashamba, kodi yake ikaingia kwenye sabili daima. Hati za wakfu za sabili za Cairo zinaingia kwa undani wa ajabu: mshahara wa mhudumu, bei ya maji, vikombe, kamba, ndoo, hata sifongo za kusafishia. Ukisoma orodha ya namna hiyo unamwona yule mtu dirishani, na foleni ya wachovu juani. Utaratibu huo ulibeba sabili za mji kwa karne kadhaa. Kilichouondolea kazi ni kampuni ya maji iliyoanzishwa mwaka 1865. Bomba lilipoanza kuingia majumbani, dirisha la sabili likapoteza wateja wake polepole.

Istanbul ilikuwa na kitu ambacho Cairo haikuwa nacho: vilima na misitu yenye mabwawa nje ya mji, na mifereji iliyoteremsha maji yenyewe bila kuvutwa. Mtandao mkubwa wa Kırkçeşme, pamoja na madaraja yake ya maji, ni kazi ya msanifu Sinan ya karne ya 16. Ndani ya chemchemi ya Ahmed kuna birika la pembe nane, na wahudumu walizunguka humo wakijaza vikombe. Kwa hiyo jengo moja lilitoa huduma mbili. Kwenye kila upande kati ya pande nne kuna bomba la kujazia chombo. Kwenye kila pembe kuna sabili, yaani chumba chenye madirisha ya nondo ambako ulipewa kikombe cha maji, na siku maalumu sharubati. Kama kazi nyingi za hisani za Waosmani, utunzaji ulitegemea wakfu.

London ilitegemea michango. Chama kilikusanya fedha kwa wanachama na wahisani, kikajadiliana na kampuni za maji na viongozi wa mitaa, na mwaka 1867 kikapanua kazi na kuongeza mabirika ya kunyweshea farasi na ng'ombe. Kwangu mimi huu ndio mfano dhaifu kuliko yote kwa upande wa kudumu, na napenda kulisema wazi kwa sababu vitabu vingi huusifia mno. Michango huja na moto wa mwanzo. Ulipopoa, na maji ya bomba yalipofika majumbani, chemchemi nyingi zikakauka na kubaki mawe.

Paris iligawana mzigo: Wallace alilipia ujenzi, mji ukalipia maji na kuchagua mahali. Uamuzi wa mahali ulikuwa wa Eugène Belgrand, mhandisi mkuu wa maji na mifereji ya maji machafu, ambaye tayari alikuwa akiuletea mji maji ya chemchemi za mbali. Mgawanyo huo unaonekana mdogo kwenye karatasi, lakini ndio ulioamua kila kitu kilichofuata. Chemchemi ilizaliwa ikiwa sehemu ya huduma ya mji, si mgeni aliyeletwa na tajiri.

Mapambo

Kwa mapambo, Istanbul haina mshindani, na nitakaa hapo kidogo. Paa pana lenye vikuba vitano linatoka nje kama mwavuli na kumpa mnywaji kivuli. Chini yake kuta zimejaa vyungu vya maua na bakuli za matunda zilizochongwa kwenye marumaru, na juu ya kila bomba kuna kishubaka kinachofanana na mihrabu. Kisha kuna maandishi. Kasida ya mshairi Seyyid Hüseyin Vehbi inazunguka jengo, na pamoja nayo umo mstari wa sultani mwenyewe, ambaye alikuwa mwandishi wa khati hodari. Maana yake ni hii: fungua kwa bismillahi, unywe maji, umwombee dua Khan Ahmed. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake ya namba katika hesabu ya abjadi, na jumla ya mstari huo ni 1141, mwaka wa Hijria wa ujenzi. Inasimuliwa kwamba sultani alipotunga mara ya kwanza jumla ilipungua nne, na Vehbi akamwokoa kwa kuongeza mwanzoni neno la Kituruki la "fungua", lenye alifu na jimu: moja na tatu. Neno moja likakamilisha hesabu, na papo hapo likamwambia mwenye kiu la kufanya.

Sabili ya Katkhuda ni tulivu zaidi kwa nje: mawe yaliyochongwa, vipande vya marumaru za rangi, nguzo nyembamba pembeni, na juu baraza ya mbao ya chuo. Hazina yake iko ndani, ambako kuta zimevikwa vigae vya mtindo wa Sham, na kimojawapo cha vipengele vyake ni picha ya Kaaba. Mhudumu alifanya kazi mbele ya picha hiyo siku nzima. Mafundi walichanganya ladha ya Wamamluki, waliotawala Misri kabla ya Waosmani, na ya Waosmani wenyewe bila kuficha mshono, na ndiyo maana wanafunzi wa usanifu hupapenda.

London ina sura mbili zilizo mbali sana. Ya St Sepulchre ni ndogo, imepachikwa ukutani, na ina vikombe kwenye minyororo pamoja na maandishi yanayomwagiza mnywaji arudishe kikombe. Ya Victoria Park ni mnara wa karibu mita 18, uliobuniwa na Henry Astley Darbishire, wenye nguzo za granaiti, saa pande nne, na sanamu za watoto wakiwa juu ya pomboo. Wengine huiona imezidi. Mimi naielewa: mashariki ya London ilikuwa ya maskini, na mtoaji aliona kwamba nao wanastahili kitu cha fahari.

Chemchemi ya Wallace ni ya chuma cha kuyeyushwa, rangi ya kijani kibichi iliyokolea, urefu mita 2.71, uzito kilo 610. Wallace alichora wazo, mchongaji Charles-Auguste Lebourg akalikamilisha. Wanawake wanne wanabeba kuba lenye pomboo, nao ni Usahili, Wema, Kiasi na Ukarimu. Ukipita haraka utadhani ni mmoja aliyerudiwa mara nne. Simama uangalie magoti na mikunjo ya nguo, utaona kila mmoja amesimama kivyake. Wallace alitaka chemchemi ionekane kutoka mbali bila kuharibu mandhari, iwe imara, iwe rahisi kutunza, na bei yake iruhusu kutengeneza nyingi.

Utakachokikuta leo

Hapa naweza kwenda haraka. Cairo utakuta jengo lililokarabatiwa, ndani ya mji wa kale uliotangazwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1979. Hunywi maji, lakini hatua chache tu kuna sabili ya Muhammad Ali ya eneo la Nahhasin, ya karne ya 19, ambayo sasa ni makumbusho ya nguo, na kwa hizo mbili unaona mtindo wa Istanbul ulivyoingia Misri. Istanbul jengo linatazamwa kwa nje, katikati ya msongamano wa wageni wanaoelekea Topkapı. Wengi wanalipita bila kugeuza shingo. London ya St Sepulchre ilihamishwa mwaka 1867 kupisha ujenzi wa Holborn Viaduct, ikarudishwa karibu na ilipoanzia mwaka 1913, na ya Victoria Park ilifanyiwa ukarabati pamoja na bustani yenyewe.

Paris unakunywa. Zimebaki zaidi ya mia moja, na maji hutoka kwa kawaida kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Novemba. Wakati wa baridi hufungwa ili yasigande na kupasua mabomba. Vikombe vya minyororo viliondolewa mwaka 1952 kwa sababu za usafi, kwa hiyo nenda na chupa. Wasio na makazi huzitegemea hadi leo, na hilo lingemfurahisha Wallace kuliko sifa yoyote.

Kila moja inamfaa nani

Cairo inamfaa anayechunguza wakfu, elimu ya dini au maisha ya mji wa Kiislamu kabla ya bomba. Ukisoma Kiarabu umepata mgodi. Usiposoma, utategemea tafsiri na utafiti wa wengine.

Istanbul inamfaa mpenda mashairi na khati, na yeyote anayetaka kuonyesha jinsi utawala unavyojitangaza kwa hisani. Anayetafuta historia ya afya ya umma atabaki na kiu.

London inamfaa mwanafunzi wa afya, wa vyama vya hiari na wa harakati dhidi ya ulevi. Kwa maandishi ndiyo tajiri kuliko zote, na karibu yote yako kwa Kiingereza. Kwa macho, isipokuwa Victoria Park, haivutii sana.

Paris inamfaa anayejali ubunifu wa vitu vya mitaani na mipango miji, na anayetaka kuona historia ikiwa bado kazini. Udhaifu wake ni kwamba hadithi ya mtoaji mwema husimuliwa sana hadi kazi ya wahandisi wa mji inasahaulika. Ukiiandikia, mrudishe Belgrand ukurasani.

Kwa hali yako

Ikiwa una utafiti mmoja na huwezi kusafiri, chukua London. Kumbukumbu zake hupatikana kirahisi. Ikiwa unasoma Kiarabu, geukia Cairo hata kama itakuchukua muda zaidi, kwa sababu hati za wakfu zitakupa mambo ambayo London haina.

Ukiwa na watoto, Paris. Wape kazi ya kutofautisha wale wanawake wanne, kisha wanywe. Katika wilaya ya 13 ya mji huo zipo zilizopakwa nyekundu, manjano na waridi, na hizo huwavutia zaidi. Usiende Januari kwa ajili ya hili.

Ukipita Istanbul na una saa moja tu, anza na chemchemi ya Ahmed asubuhi mapema kabla ya makundi, uizunguke pande zote nne, kisha teremka hadi uwanja wa Hippodrome uone ile iliyotolewa na Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, iliyotengenezwa kwao, ikaletwa vipande vipande na kufunguliwa mwaka 1901. Zawadi ya sultani kwa raia wake na zawadi ya mfalme kwa mfalme mwenzake, umbali wa matembezi mafupi.

Ukiwa unasitasita kati ya Cairo na Istanbul, jiulize unavutiwa na nani: aliyelipa au aliyehudumu. Kwa aliyelipa, mstari wa Ahmed unatosha. Kwa aliyehudumu, nenda Cairo ukasimame upande wa ndani wa dirisha.

Na kama ya Paris ndiyo imekukaa moyoni lakini Paris ni mbali, ulizia miji mingine iliyo na chemchemi za Wallace. Zipo Barcelona na Montréal, na pia Lisburn huko Ireland ya Kaskazini, mji ambao Wallace aliuwakilisha bungeni kuanzia 1873 hadi 1885.